Aliyeanguka Mara Mbili Akabaki Bingwa: Jinsi Alama za Kuteleza Barafuni kwa Wanaume Zinavyohesabiwa

Machi 2013, katika mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, Patrick Chan aliingia kwenye barafu kutetea ubingwa wake wa dunia mbele ya mashabiki wa nyumbani. Katika programu ndefu, onyesho la pili kati ya mawili ya shindano, alianguka mara mbili. Denis Ten wa Kazakhstan, ambaye wachache walimtarajia kuwa karibu na medali, aliimaliza ya kwake bila kuanguka na akampita Chan katika sehemu hiyo kwa 174.92 dhidi ya 169.41. Lakini dhahabu ilikwenda kwa Chan. Jumla yake ilikuwa 267.78, ya Ten 266.48. Walitofautiana kwa pointi 1.30.

Mtu anayeutazama mchezo huu mara moja kila miaka minne, Olimpiki ikifika, akikutana na matokeo ya namna hiyo huhitimisha upesi kwamba majaji wamembeba mwenyeji. Anayeufuatilia kila msimu anasita kidogo, kwa sababu anajua Chan alikuja na akiba. Kwenye programu fupi alikuwa amepata 98.37, rekodi ya dunia kwa wakati huo, na Ten akapata 91.56. Kwa hiyo karibu pointi saba zilikuwa tayari mkononi kabla muziki wa programu ndefu haujapigwa, maana mshindi hupatikana kwa kujumlisha programu zote mbili.

Akiba hiyo inaeleza mengi, ila haielezi yote. Kwa nini kuanguka mara mbili kuligharimu kidogo namna ile? Na nani hasa aliyeamua? Alama za mchezo huu zina sehemu mbili. Moja ni hesabu ambayo yeyote mwenye kalamu na jedwali anaweza kuikagua. Nyingine imo mikononi mwa watu tisa. Ugomvi mwingi wa mashabiki huwa juu ya sehemu ya kwanza, yaani miruko na bei zake, na mimi naona hiyo ndiyo sehemu safi kuliko zote. Ya pili ndiyo inayostahili macho yetu, na makocha wakubwa wanalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Meza mbili

Kwa miongo mingi jaji alitoa alama isiyozidi 6.0, na alama yenyewe ilikuwa njia tu ya kupanga nafasi: kilichohesabiwa ni majaji wangapi wamemweka nani juu ya nani. Kwenye Olimpiki ya Calgary, mwaka 1988, Brian Boitano wa Marekani alimshinda Brian Orser wa Kanada kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mfumo haukuwa na namna ya kumwonyesha Orser kwamba dhahabu ilimponyoka kwenye mruko fulani au kwenye mzunguko fulani wa mahali pamoja. Jaji mmoja angefikiri tofauti, historia ingeandikwa vingine.

Mfumo huo ulivunjikia kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, katika shindano la jozi. Ilidaiwa kwamba jaji wa Ufaransa alishinikizwa aiweke jozi ya Urusi juu. Jozi ya Kanada, Jamie Salé na David Pelletier, ikapewa dhahabu ya pili, na jaji huyo pamoja na rais wa shirikisho la Ufaransa wakafungiwa miaka mitatu. Kashfa haikuwa ya wanaume, lakini moto wake uliunguza mchezo mzima. Mwaka 2004 Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, yaani ISU, likapitisha mfumo mpya ambao, kwa marekebisho mengi, ndio unaotumika hadi sasa.

Jambo kubwa katika mfumo mpya ni kuitenganisha kazi iliyokuwa ya mtu mmoja. Sasa kuna meza mbili. Ya kwanza ni jopo la ufundi: wataalamu watatu, aghalabu waliowahi kuteleza au kufundisha wenyewe, wakisaidiwa na mtu wa kuingiza data na mwingine wa kurudisha picha. Hawa hawasemi kama kitu kimependeza. Wanasema kimefanyika nini. Meza ya pili ni ya majaji, tisa katika mashindano makubwa, ambao hawaulizwi ni mruko gani bali umefanywa vizuri kiasi gani, na programu yote imekuwaje.

Kazi ya jopo la ufundi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Chukua Lutz na flipu, aina mbili za miruko. Yote miwili mtelezaji anaruka akirudi nyuma, anachoma meno ya mbele ya kiatu cha mguu mmoja kwenye barafu na kujirusha. Kinachoitofautisha ni upande wa chuma cha mguu ule mwingine: Lutz inaondokea ukingo wa nje, flipu ukingo wa ndani. Wengi huanza Lutz vizuri, kisha sekunde ya mwisho mguu unalegea na kuegemea ndani, kwa sababu mwili unapata nguvu ya kuzunguka kirahisi zaidi huko. Jopo likiliona hilo kwenye marudio, alama inashuka. Halafu kuna mizunguko ya hewani, mitatu au minne katika miruko mikubwa. Mruko uliopungua robo tu ya mzunguko huwekewa alama ya onyo na majaji hutakiwa kupunguza alama ya ubora. Ukipungua zaidi ya robo, thamani yake hushuka hadi asilimia 80. Ukipungua nusu au zaidi, hauhesabiwi tena kuwa wa mizunguko minne, unaandikwa kama wa mitatu. Yote hayo huamuliwa kwa kuangalia pembe ya chuma cha kiatu kinapogusa barafu, kwenye picha iliyopunguzwa mwendo, na kwa miaka mingi jopo limetegemea kamera moja. Mruko uliotua ukiwa umeipa kamera mgongo na ule uliotua ubavu wake hauonekani kwa usahihi uleule, na hapo pana malalamiko ya haki ambayo hayahusiani na upendeleo wowote.

Bei ya mruko

Kila mruko una thamani ya msingi iliyochapishwa mapema. Katika jedwali lililoanza msimu wa 2018/19, tolupu ya mizunguko minne ina pointi 9.50, Salchow 9.70, lupu 10.50, flipu 11.00, Lutz 11.50 na Axel 12.50. Lutz ya mizunguko mitatu ina 5.90 tu. Pengo hilo kati ya mitatu na minne ndilo limeujenga mchezo wa wanaume wa leo. Kurt Browning wa Kanada ndiye wa kwanza kutambuliwa kwa kwadi, kama mashabiki wanavyouita mruko wa mizunguko minne, huko Budapest mwaka 1988. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kufikia ya mwisho katika orodha: Septemba 2022, mjini Lake Placid, Ilia Malinin wa Marekani, akiwa na miaka 17, alitua Axel ya minne. Axel ndio mruko pekee unaoanzwa mtelezaji akiangalia mbele, kwa hiyo kwa kweli ni mizunguko minne na nusu.

Bei hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Zimebishaniwa, zikapandishwa na kushushwa, na kila mara zilipobadilika, vijana waliokuwa mazoezini walibadilika nazo. Hakuna mfano mzuri kuliko Olimpiki ya Vancouver 2010.

Evgeni Plushenko wa Urusi, bingwa wa Olimpiki wa 2006, alitua tolupu ya minne ikifuatwa na ya mitatu. Evan Lysacek wa Marekani hakufanya kwadi hata moja. Lysacek akashinda, 257.67 kwa 256.36. Plushenko hakukubali, na wengi walimuunga mkono: bingwa wa Olimpiki asiye na kwadi ni bingwa gani? Lakini fungua karatasi ya alama ya programu ndefu. Kwenye alama za usanii na ustadi majaji waliwapa wote wawili 82.80, sawasawa hadi desimali ya mwisho. Thamani ya msingi ya Plushenko ilikuwa 75.03, ya Lysacek 74.93. Yaani pamoja na kwadi yake, Plushenko alitangulia kwa pointi 0.10 tu. Ubora wa utekelezaji ndio ulioamua: Lysacek aliongezewa 9.64, Plushenko 7.68.

Ile 0.10 ilipatikanaje? Wakati ule kila mruko uliofanywa katika nusu ya pili ya programu uliongezewa asilimia 10, kwa kuwa miguu imechoka. Lysacek na kocha wake, Frank Carroll, walisogeza miruko mingi zaidi huko nyuma. Plushenko aliweka mikubwa mwanzoni. Kwa maneno mengine, sehemu ya dhahabu ile ilipatikana mezani, miezi kadhaa kabla, na mtu aliyekuwa akipanga mstari upi utangulie upi. Mimi simwoni Lysacek kuwa bingwa wa bahati. Alicheza kwa bei za siku ile, na bei hizo ndizo zilizokuwa na kasoro.

ISU nayo iliona hivyo. Msimu uliofuata tolupu ya minne ilipanda kutoka 9.8 hadi 10.3, na mruko uliopungua kidogo ukaacha kuadhibiwa kana kwamba ni wa mitatu. Milango ikafunguka. Kufikia Olimpiki ya PyeongChang 2018, Nathan Chen wa Marekani alijaribu kwadi sita katika programu moja, akatua tano safi.

Ila dawa ilizidi kipimo. Angalia hesabu ya msimu wa 2017/18. Lutz ya minne ilikuwa na 13.6. Ukiizungusha yote kisha ukaanguka, majaji walitoa adhabu ya juu kabisa, pointi 4, na kuanguka kwenyewe kulikatwa 1. Ulibaki na 8.6. Mwenzako aliyefanya Lutz ya mitatu kwa ukamilifu usio na doa, akapewa nyongeza yote inayowezekana, alipata 6.0 na 2.1, jumla 8.1. Aliyelala kwenye barafu alimzidi aliyetua kwa nusu pointi. Kijana mwenye akili, akiwa na kocha mwenye akili, alijua afanye nini.

Mwaka 2018 mizani ikageuzwa. Ubora sasa unatolewa kati ya -5 na +5, na kila hatua ni asilimia 10 ya thamani ya mruko. Kuanguka kunakula nusu nzima: Lutz ya 11.50 inabaki 5.75, ukatwe na 1, unabaki na 4.75. Lutz ya mitatu yenye +2 ni 7.08. Nyongeza ya nusu ya pili nayo ilibanwa, ikabaki kwa miruko mitatu ya mwisho katika programu ndefu na mmoja wa mwisho katika fupi. Programu yenyewe ikapunguzwa kutoka dakika nne na nusu hadi nne. Axel ya minne, iliyokuwa na 15.0, ikashushwa hadi 12.5, pointi moja tu juu ya Lutz. Uamuzi huo sijauelewa mpaka leo. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, aliutafuta mruko huo hadi Beijing 2022, akaujaribu mbele ya dunia nzima, haukukamilika, akaanguka na kumaliza wa nne. Mruko mgumu kuliko yote uliowahi kujaribiwa ulistahili bei inayolingana na hatari yake.

Watu tisa na vitufe vyao

Tuache bei, tuhamie kwenye mkono wa binadamu.

Kila jaji anafanya kazi mbili. Kwanza, baada ya kila mruko, mzunguko wa mahali pamoja au mfululizo wa hatua, anabonyeza ubora, -5 hadi +5, akiwa na sekunde chache kabla kitu kingine hakijaanza. Ana vigezo sita vya kuangalia katika mruko: urefu na umbali, kuondoka na kutua, wepesi usioonyesha jitihada, hatua zilizotangulia mruko, mkao wa mwili angani, na kama umeshikana na muziki. Bila vile vitatu vya kwanza haruhusiwi kutoa +4 wala +5. Pili, programu ikiisha, anatoa alama tatu kati ya 0 na 10, kwa vipande vya 0.25: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Hadi msimu wa 2021/22 zilikuwa tano. Kwenye kila safu, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, saba zilizobaki zikafanyiwa wastani.

Sasa piga hesabu ambayo haipigwi mara nyingi. Katika programu ndefu ya wanaume alama hizo tatu huzidishwa kwa 3.33. Majaji wakimpandisha mtu robo moja, kipande kidogo kuliko vyote walicho nacho, kwenye zote tatu, wamempa karibu pointi 2.5. Wakimpandisha pointi nzima, yaani kutoka 8.5 hadi 9.5, wamempa 9.99. Hiyo ni zaidi ya tolupu ya mizunguko minne. Mtelezaji mmoja anahitaji miaka ya mazoezi, vifundo vilivyovimba na mgongo unaouma ili apate mruko huo. Mwingine anaupata kwa sifa yake kuongezeka.

Rudi sasa kwa Chan na pengo lile la 1.30. Siku hizo alama zilikuwa tano na zilizidishwa kwa 2, kwa hiyo robo moja kwenye zote ilikuwa pia pointi 2.5. Ubingwa wa dunia uliamuliwa ndani ya kipimo kidogo kuliko hatua ndogo kabisa ya majaji. Nitamtetea Chan kwa hili: hakuna aliyeteleza kama yeye. Alisukuma mara moja akavuka nusu ya uwanja, magoti laini, kasi haipungui kwenye kona, na mfumo ulisema wazi kwamba hilo lina thamani hata kama umeanguka. Lakini kuanguka hukata muziki, huvunja wazo la programu, na ni vigumu kukubali kwamba uwasilishaji wa mtu aliyeanguka mara mbili haukuguswa. Baadaye ISU iliweka dari: makosa makubwa yakitokea, majaji hawaruhusiwi kupanda zaidi ya kiwango fulani kwenye alama hizo. Dari hiyo ilihitajika mapema zaidi.

Tatizo lililobaki ni kwamba alama hizi, zilizokusudiwa kupima vitu tofauti, hutembea pamoja. Utakuta jaji ametoa 9.25, 9.25, 9.50 kwa mtu ambaye utunzi wake una matembezi matupu kati ya mruko na mruko. Sababu moja ni ya kibinadamu: dakika nne zimeisha, miruko imekushangaza, mkono unapanda wenyewe. Nyingine imejengwa ndani ya mfumo. Kazi ya majaji hukaguliwa, na anayetoka mbali na wenzake hutakiwa kujieleza. Nia ni njema, ila jaji mwangalifu hujifunza kukaa karibu na pale anapodhani wengine watakaa. Na wengine watakaa wapi? Kwenye alama ambazo mtelezaji huyo alipata shindano lililopita. Hivyo jina hujenga alama, na alama hulijenga jina.

Kwa sababu hiyo nilifurahi mno na kilichotokea kwenye ubingwa wa dunia wa Montreal mwaka 2024. Adam Siao Him Fa wa Ufaransa aliharibu programu fupi akawa wa 19, kati ya 24 wanaoruhusiwa kuendelea. Maana yake aliteleza mapema katika programu ndefu, pamoja na watu ambao majaji hawawatarajii kwenye medali, wakati ambapo wengi huamini alama hutolewa kwa ubahili. Hakusubiri kuhurumiwa. Aliteleza programu ya maisha yake, akaongeza hata sarakasi ya kugeuka kinyumenyume iliyokuwa bado imekatazwa na kumgharimu pointi 2, kisha akakaa kungoja kundi baada ya kundi. Alimaliza wa tatu. Siku hiyohiyo Malinin, aliyekuwa wa tatu baada ya programu fupi, alitua kwadi sita ikiwemo Axel, akapata 227.79 na ubingwa.

Kocha anafanya nini hasa

Kwenye televisheni kocha ni yule anayempa mtelezaji maji kando ya uwanja, anamshika mikono, anamnong'oneza, kisha wanakaa pamoja kwenye benchi la kusubiri alama. Kazi yenyewe imefanyika zamani. Kocha wa kiwango hiki ni fundi wa miruko, mpangaji wa mwaka, mtu wa kuamua jeraha lipi livumiliwe na lipi lisivumiliwe, na msomaji wa kanuni asiyelala. Mara nyingi ana mtu wa pili wa kufundisha kuteleza kwenyewe na mtunzi wa programu pembeni.

Mfano mdogo unaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Kanuni hairuhusu mruko uleule wa mitatu au minne kufanywa zaidi ya mara mbili katika programu ndefu, kwadi ya kurudiwa ni ya aina moja tu, na ukirudia, angalau mara moja lazima uwe umeunganishwa na mruko mwingine. Tuseme mpango ni tolupu ya minne ikifuatwa na ya mitatu, kisha baadaye tolupu ya minne peke yake. Mtelezaji anaanguka kwenye ya kwanza, muunganiko haupo tena. Akifanya ya pili peke yake kama ilivyopangwa, inalipwa asilimia 70: 6.65 badala ya 9.50. Inabidi hapohapo, moyo ukienda mbio, akumbuke kuunganisha ile ya pili, halafu ahesabu tena miruko iliyobaki isije ikavuka kiwango. Wale unaowaona wakibadilisha mpango katikati bila kupepesa wamefundishwa hivyo: kocha huwakatisha mazoezini, huwaambia mruko wa kwanza umeharibika, endelea, nataka kuona utafanya nini.

Kubwa zaidi ni kujua cha kuacha. Novemba 2017 Hanyu aliumia kifundo cha mguu wa kulia alipokuwa akifanya mazoezi ya Lutz ya minne. Alikwenda PyeongChang bila kushindana tangu hapo. Yeye na timu ya kocha wake Brian Orser, yuleyule wa Calgary, waliacha Lutz na lupu, wakabaki na aina mbili tu za kwadi, Salchow na tolupu, pamoja na Axel ya mitatu. Vingi vilifanywa kwa ubora ambao majaji hawakuwa na namna ya kuunyima. Chen na kwadi zake sita alimshinda kwenye programu ndefu, 215.08 kwa 206.17, lakini alikuwa ameanguka hadi nafasi ya 17 kwenye fupi na akamaliza wa tano. Hanyu alikuwa na 111.68 za programu fupi. Dhahabu.

Orser huyo huyo aliwahi kuwa na mabingwa wawili kwa wakati mmoja katika klabu moja ya Toronto, Hanyu na Mhispania Javier Fernández. Boston mwaka 2016, Hanyu alimaliza programu fupi akiongoza kwa zaidi ya pointi 12. Kwenye ndefu Hanyu akayumba, Fernández akapata 216.41 na kuchukua ubingwa wa dunia mwaka wa pili mfululizo, Hanyu akiwa wa pili mara zote mbili. Kocha mmoja, siku moja, anakaa kwenye benchi lilelile na mwenye furaha na mwenye kuvunjika moyo. Kuna wasioiweza hali hiyo. St. Petersburg, kwa kocha Alexei Mishin, Alexei Yagudin na Plushenko walifanya mazoezi kwenye barafu moja hadi Yagudin alipoondoka mwaka 1998 kwenda kwa Tatiana Tarasova. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki, Plushenko wa pili.

Wengine hufundishwa na wazazi. Malinin amelelewa kimchezo na mama na baba, Tatiana Malinina na Roman Skornyakov, walioiwakilisha Uzbekistan, akipata pia msaada wa Rafael Arutyunyan aliyemfundisha Chen. Yuma Kagiyama wa Japani anafundishwa na baba yake, Masakazu, aliyeshiriki Olimpiki mbili.

Na kuna picha ya Grenoble, mwaka 2019. Shoma Uno wa Japani, mshindi wa fedha ya Olimpiki, alikuwa ameacha makocha wake wa utotoni na hakuwa na mwingine. Alianguka mara kadhaa, akaenda kukaa kwenye benchi la alama peke yake. Ukumbi ukamshangilia kwa nguvu, naye akalia. Alimaliza wa nane. Muda mfupi baadaye alihamia kwa Stéphane Lambiel nchini Uswisi, na mwaka 2022 na 2023 akawa bingwa wa dunia. Miruko alikuwa nayo tangu zamani. Alichokosa ni mtu wa kumrudishia hamu ya kuamka asubuhi na kuifanya.

Baada ya alama kutangazwa, kocha hana la kufanya. Hakuna rufaa dhidi ya maoni ya jaji. Kosa la kujumlisha linaweza kurekebishwa, 9.00 iliyostahili kuwa 9.50 haiwezi. Frank Carroll anaijua pande zote mbili: alikuwa kocha wa Lysacek aliyeshinda Olimpiki kwa pointi 1.31, na alikuwa kocha wa Ten aliyekosa ubingwa wa dunia kwa pointi 1.30.

Nani anamleta jaji

Kasoro ambayo hakuna jedwali la bei litakaloiondoa ni hii: majaji hupendekezwa na mashirikisho ya nchi zao, mashirikisho yaleyale yanayopeleka watelezaji na kuhesabiwa nafasi za mwaka unaofuata kwa matokeo yao. Jaji anayetaka kurudi mashindano makubwa anategemea shirikisho lake limtaje tena. Si lazima mtu amwambie chochote.

Baada ya 2002 ISU iliamua kuficha jaji yupi ametoa alama ipi, kwa hoja kwamba asiyejulikana hawezi kushinikizwa. Ilikuwa tiba mbaya. Asiyejulikana hawezi kushinikizwa, kweli, na hawezi kuulizwa pia. Mchumi Eric Zitzewitz wa Marekani alichambua alama hizo na kukuta upendeleo wa kitaifa haukupungua chini ya usiri, uliongezeka. Mwaka 2016 majina yakarudishwa hadharani. Matunda yalionekana baada ya PyeongChang: ISU ilimfungia miaka miwili jaji wa China kwa kumpendelea mtelezaji wa nchi yake katika shindano la wanaume, na ikamzuia asihukumu Olimpiki ya 2022. Ushahidi ulikuwa safu yake mwenyewe ya alama.

Kutupa alama ya juu na ya chini kunasaidia dhidi ya jaji mmoja mpotovu. Hakusaidii dhidi ya wawili wanaoelewana, wala dhidi ya tisa wenye mazoea yaleyale. Ningependa ISU yenyewe iwaajiri na kuwalipa majaji, wasipitie mashirikisho hata kidogo, na utunzi utolewe alama na watu tofauti na wanaohukumu miruko, kwa sababu hakuna jicho linaloweza kufuata chuma cha kiatu na umbo la programu nzima kwa pamoja.

Kwa sasa tuna karatasi za alama, na ni za bure. Baada ya kila shindano kubwa huchapishwa zote. Kushoto utaona orodha ya kila kitu alichofanya mtelezaji na thamani yake ya msingi, kisha safu tisa za majaji, na chini alama tatu za jumla. Ukurasa mwingine una majina ya majaji na nchi zao, kwa mpangilio uleule wa safu. Chagua jaji mmoja. Soma alama zake kwa mtelezaji wa nchi yake, kisha kwa mpinzani wa karibu zaidi, halafu linganisha na majaji wanane waliobaki. Anza na zile tatu za chini, kwa maana ndizo zinazozidishwa kwa 3.33.